Rejeta ya Kufika Namanga

Benedetta Ajiko hakwenda dukani kwa Muzafaru kwa sababu ya mapenzi. Alikwenda kwa sababu gari lake lilikuwa linachemka, na kwa sababu Okwi, fundi wake wa Malaba, alikuwa amefuta mikono kwenye suruali na kumwambia bila kuzunguka, "Dada, hii rejeta imekufa. Na rejeta ya gari kama hii, upande huu wote, ni mtu mmoja tu anaweza kukupatia. Unamjua."

Alimjua. Alimjua hata kwa kikohozi.

Lilikuwa gari la spoti la Kijapani, la milango miwili, lenye umri unaokaribia miaka thelathini, na taa zake za mbele zilikuwa zinainuka kutoka kwenye boneti kama mtu aliyeamshwa ghafla. Alikuwa amelinunua kwa daktari mmoja wa Tororo aliyekuwa anahamia ng'ambo. Pale Malaba, katikati ya foleni ya malori, lilionekana kama kiatu cha mtoto kilichosahauliwa kati ya buti. Wenzake wa ofisini walimshauri aliuze anunue kitu cha maana. Yeye alilipenda. Hakuwa na sababu zaidi ya hiyo, na hakuona kwa nini mtu atake sababu zaidi.

Alikuwa na miaka thelathini na mbili, tisa kati ya hiyo akiwa wakala wa kupitisha mizigo mpakani. Kazi ilikuwa imemzoesha kusema mambo kwa kifupi: mzigo umefika au haujafika, karatasi zimekamilika au hazijakamilika. Sasa kampuni yao ilikuwa imefungua ofisi Namanga, kwenye mpaka wa Tanzania, na yeye ndiye aliyeomba kupelekwa huko. Alitakiwa kuripoti Jumatatu asubuhi. Leo ilikuwa Alhamisi.

Kutoka Malaba hadi Busia alisimama mara tatu kuongeza maji. Mara ya mwisho ilikuwa karibu na Alupe, ambapo wanafunzi wawili wa chuo walipita wakapiga picha na gari lililokuwa linatoa mvuke. Aliwaacha wapige.

Duka la Muzafaru lilikuwa nyuma ya uwanja wa malori, na mbele yake palikuwa na sakafu ya saruji ya kufanyia kazi. Ndani, rejeta za kila aina zilisimamishwa ukutani, kubwa za malori chini, ndogo juu.

"Karibu, dada," alisema mtu aliyeinama nyuma ya kaunta. Kisha akainua kichwa.

Walikuwa hawajaonana kwa miaka mitatu. Muzafaru alikuwa amekonda kidogo usoni, na ndevu zake zilikuwa na nywele chache nyeupe ambazo Benedetta hakuzikumbuka. Macho yalikuwa yaleyale. Yalimtazama kwa muda ambao mteja huwa hatazamwi.

"Umepotea," Muzafaru alisema.

"Niko Malaba. Ni kilomita thelathini."

"Ni kweli."

"Nahitaji rejeta," Benedetta alisema. "Gari iko nje."

Muzafaru alichukua tochi na kitambaa, akatoka. Benedetta alisimama kando, mikono imekunjwa kifuani, akajiambia kwamba anatazama gari. Alikuwa anatazama vidole. Vidole vile vilikuwa virefu, vyenye weusi usiotoka kwenye kucha, na vilikuwa vinapapasa gari lake kwa upole kama vya mtu anayempima mgonjwa homa.

"Nani alipaka hii gundi?"

"Okwi."

"Alikuwa anakusaidia ufike tu. Ona." Alimulika. "Imepasuka hapa kwa maungio, na huku katikati imeoza. Ukigusa inamwagika kama unga." Alizima tochi. "Unataka kuenda nayo wapi?"

"Namanga."

"Kutembea?"

"Kuhamia. Naondoka Jumapili."

Muzafaru alikunja kitambaa mara mbili, akakikunjua, akakikunja tena.

Kulikuwa na wakati ambapo Benedetta angejua la kumwambia. Walikuwa wamependana kwa miaka miwili, mapenzi ya simu za mchana na chai ya jioni hapo hapo dukani, mapenzi yaliyojulikana na waendesha boda wote wa Busia. Kisha Muzafaru alimwambia mama yake kwamba anataka kumuoa msichana wa Kiteso, Mkatoliki, wa kutoka Amukura, na mama yake akakataa. Huko Amukura, mzee Ikapel, baba yake Benedetta, naye alikuwa amesikia na hakuwa amefurahi. Muzafaru akasema, "Nipe muda." Benedetta akampa. Mwezi ukaisha, ikawa miezi minne, simu zikapungua, na siku moja yeye mwenyewe akaacha kupiga. Hawakugombana. Hakuna aliyetamka kwamba yameisha. Hilo ndilo lililomsumbua kwa muda mrefu kuliko mengine, na baadaye hata hilo likaacha kumsumbua. Au ndivyo alivyokuwa ameamini.

"Basi niambie nichague nini," alisema.

Muzafaru aliingia ndani akatoka na rejeta mbili, moja kila mkono. Aliziweka kwenye saruji miguuni pake.

"Hii ya kwanza ni ya plastiki juu na chini. Mpya. Inaingia bila shida. Kwa kuzunguka Malaba na Busia, itakutosha. Kwa kuenda Namanga, na ile milima ya kupanda huko mbele, na umri wa hiyo injini, mimi siwezi kukupa. Itapasuka ukiwa peke yako."

"Na hii?"

"Hii ni alumini tupu. Inapoza sana. Lakini ni nene, feni haitapata nafasi. Itabidi nihamishe feni, nitoboe vishikio vipya. Ni kazi ya masaa matatu, manne."

"Kuna ingine?"

Alichelewa kidogo kujibu. "Kuna kuitengeneza hii yako ya zamani. Juu na chini bado ni shaba nzuri, ile ya kiwandani. Tunabadilisha katikati peke yake. Hiyo ndiyo bora kabisa, gari inabaki vile ilivyozaliwa. Lakini vifaa vitoke Kampala. Siku sita. Pengine saba."

Benedetta alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Ni bora kwa gari," aliuliza, "ama kwa nani?"

Muzafaru aliinamisha kichwa. Alikuwa na kicheko kifupi cha puani, na kilimtoka sasa bila ruhusa yake.

"Kwa gari pia," alisema.

Lori lilipiga honi uwanjani, mtu akatukana kwa Kiganda, mwingine akacheka. Muzafaru aliirudisha ile ya plastiki ndani. Aliporudi sauti yake ilikuwa ya muuzaji.

"Chukua alumini. Itakufikisha."

"Sawa. Weka hiyo."

Alipewa kiti cha plastiki akae kivulini. Hakukaa. Muzafaru alilala chini ya gari, akafungua maji yakamwagika kwenye karai, ya kahawia kama chai iliyoachwa. Akatoa paipu za mpira, akazipanga kwa utaratibu wa kutolewa kwake. Kwa muda mrefu sauti pekee ilikuwa ya spana.

"Kwa nini hukukuja?" Benedetta aliuliza.

Aliuliza kwa sauti ileile ambayo angeulizia kontena lililochelewa. Spana ilinyamaza.

"Kuja wapi?"

"Kwa baba yangu. Amukura. Hukukuja hata siku moja."

"Nilikuwa nangoja mama alegee kwanza." Sauti yake ilitoka chini ya gari, kama inatoka chumba kingine. "Nilisema, mama akilegea, nitaenda kwa mzee nikiwa na kitu cha kusema."

"Wewe ulikuwa unangoja mama yako. Na mimi nilikuwa nangoja nini?"

Boliti moja ilidondoka kwenye karai.

"Si kwamba nimekasirika," Benedetta alisema. "Nataka kujua tu, niondoke nikiwa najua."

Muzafaru alijivuta kutoka chini ya gari akakaa sakafuni, magoti juu, uso umechafuka upande mmoja.

"Niliogopa," alisema. "Nikachelewa. Nikaona aibu ya kuchelewa, nikachelewa zaidi. Hakuna kitu kingine, Ajiko. Ningekuwa na sababu kubwa ningekupa."

Alikuwa hajamwita jina hilo tangu siku zile. Benedetta aligeuka akatazama barabara.

Ndipo mama yake Muzafaru alipofika.

Hajati Fazila alishuka kwenye boda taratibu, bakuli la chakula mkononi limefungwa kwa kitambaa, mtandio wake wa zambarau umebanwa vizuri chini ya kidevu. Kila siku adhuhuri alimletea mwanawe chakula. Alimwona Benedetta, akasimama.

"Shikamoo, Hajati," Benedetta alisema.

"Marahaba." Aliangalia gari, kisha rejeta, kisha uso mchafu wa mwanawe. "Mmerudiana?"

"Nimekuja kununua rejeta."

"Anahamia Namanga, Mama," Muzafaru alisema. Aliinuka. Alikuwa ameshika spana bado, na alionekana kama hajui kwamba ameishika. "Anaenda Jumapili. Na mimi nataka kumuoa. Nilitaka wakati ule, na sasa bado nataka. Nimekuambia mbele yake ili nisiweze kurudi nyuma."

Benedetta alisubiri moyo wake utulie. Haukutulia, kwa hiyo alizungumza hivyo hivyo.

"Umemwambia mama yako," alisema. "Mimi umeniuliza lini?"

Kitu kilichezacheza kwenye mdomo wa Hajati. Kingeweza kuwa tabasamu kama angekiachia. Alikwenda akakaa kwenye kile kiti cha plastiki, akaweka bakuli mapajani.

"Keti, binti."

"Niko sawa hivi, Hajati."

"Basi simama, lakini sikia. Mimi sikuzaliwa Fazila. Nilizaliwa Naliaka, huko Matayos, baba yangu mwalimu wa Kianglikana. Huyu anajua." Alimwonyesha mwanawe kwa kidevu. "Nilimpenda baba yake, marehemu Abdulnoor, akiendesha lori la samaki. Kwao wakasema nibadili dini, nikabadili. Hawakunilazimisha, nisiwasingizie. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, ningebadili hata ngozi. Kwetu wakafunga mlango. Miaka kumi na moja sikukanyaga Matayos. Mama yangu alipofariki, waliniambia siku ya tatu baada ya mazishi. Hili hajui."

Muzafaru alikuwa hajui. Ilionekana usoni.

"Mama..."

"Ngoja. Kwa mama mkwe nilikaa jikoni miaka, nikimtazama yule mama nikisema moyoni, wewe ndiye umenichukulia mama yangu. Na hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ananipikia uji nikiugua." Hajati alilainisha kitambaa cha bakuli kwa kiganja. "Sasa huyu akaniletea habari ya msichana wa Amukura. Nikaona atakuja kukaa jikoni kwangu anitazame hivyo. Nikasema hapana. Nilisema ni dini kwa sababu hiyo ni rahisi kusema."

Benedetta alikuwa na maneno aliyoyatunza kwa ajili ya mama huyu kwa miaka mitatu. Aliyatafuta na hakuona pa kuyaweka.

"Ungeniambia, Hajati," alisema hatimaye.

"Ningekuambiaje? Huyu niliyemzaa sikumwambia."

"Mimi sitabadili jina. Wala dini. Hilo nisikufiche."

"Nimesikia."

"Na Namanga naenda. Nimeitafuta hiyo kazi mwenyewe."

"Nenda. Ungebaki kwa sababu ya huyu na uoga wake ningekuona mjinga." Hajati alisimama, akaweka bakuli kwenye kaunta. "Mimi sijabariki. Lakini kukataza nimechoka. Kuleni, hiyo ni ya watu wawili."

Alivuka barabara kutafuta boda, akatembea wima, hakugeuka nyuma. Muzafaru alimtazama hadi akapotea kati ya malori. Kisha alirudi chini ya gari, na kwa muda mrefu Benedetta alimsikia akivuta pumzi kwa nguvu, kama mtu anayefungua nati iliyokwama. Hakumuuliza. Alifungua bakuli, akakuta wali na maharagwe ya nazi, akala nusu yake sawasawa.

Saa tisa gari lilikuwa tayari. Rejeta mpya iling'aa pale mbele, nyeupe, haifanani na kitu kingine chochote ndani ya ile boneti kuukuu.

"Haiwezi kuachiwa hivi," Muzafaru alisema. "Lazima iendeshwe, ipate moto, tuone kama kuna hewa imebaki ndani. Nusu saa hivi. Mimi nitakaa nitazame mshale wa joto."

"Panda basi."

Alipanda kama alivyokuwa, ovaroli yenye mafuta, chupa kubwa ya maji kati ya miguu. Gari lilikuwa dogo na mabega yao yaligusana kila palipokuwa na shimo barabarani. Benedetta alishika njia ya Alupe bila kufikiri, kwa kuwa ndiyo aliyozoea. Mshale wa joto ulipanda pole pole, ukafika katikati, ukakaa.

"Namanga kuna magari," Muzafaru alisema, akitazama mshale.

"Yapo."

"Yanachemka?"

"Kule ni joto. Yanachemka sana."

"Mtu mwenye duka la rejeta anaweza kuishi huko."

"Anaweza," Benedetta alisema. "Watu wanaishi popote."

Alijishangaa kwamba mkono wake ulikuwa umetulia kwenye gia. Walipita Alupe, wakapita mashamba ya miwa na mihogo, wakapita kanisa lililokuwa linapakwa rangi. Hakuna aliyesema wageuze. Walipofika soko la Amukura, Benedetta alitoa gari kando, karibu na akina mama waliokuwa wameanika dagaa, akasimama lakini hakuzima.

"Mshale umekaa," alisema. "Tunaweza kurudi."

Muzafaru alitazama nje. Alikuwa hajawahi kufika Amukura kwa shughuli yake mwenyewe.

"Kwa mzee Ikapel ni wapi?"

"Kwa nini?"

"Nionyeshe njia."

"Sikuonyeshi," Benedetta alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, lakini alikuwa amekaza macho kwenye kioo cha mbele. "Nikikupeleka mimi, atasema nimekubeba. Nimekubeba miaka miwili, Muzafaru. Shuka uulize, hapa kila mtu anamjua. Nitangoja."

"Niende hivi?" Alionyesha ovaroli yake.

"Una zingine?"

Alifungua mlango akashuka. Alipiga hatua tano, kisha akarudi, akainama kwenye dirisha. Akina mama wa dagaa walinyamaza kwa pamoja.

"Ulisema sijakuuliza," alisema. "Benedetta Ajiko, utakubali nikuoe? Na jina lako na dini yako, na Namanga yako?"

Walitazamana. Benedetta aliona kovu dogo juu ya nyusi ambalo alikuwa amelisahau, aliona weusi wa mafuta shavuni, aliona mwanamume mzima anaogopa na hata hivyo hakuondoka. Kitu kilichokuwa kimekaa kifuani mwake kwa miaka mitatu kilijongea. Alikiacha kijongee.

"Nenda," alisema. "Jibu langu si la barabarani."

Alimwona kwenye kioo cha pembeni akimuuliza mama mmoja, mama akionyesha kwa mkono wote, akauliza tena mbele kidogo, kisha akaingia kwenye njia ya kati ya mihogo na kupotea. Benedetta alizima injini. Dakika kumi zilipita, zikawa ishirini. Mama mmoja alimletea dagaa kidogo kwenye gazeti aonje, bila kuuliza kitu, akarudi zake.

Simu ililia. Ilikuwa baba yake, na kama kawaida alikuwa anapiga kelele kana kwamba simu haiwezi kubeba sauti peke yake.

"Ajiko! Kuna mtu hapa, mchafu kama ametolewa chini ya lori. Amenisalimia kwa Kiteso, *yoga*, *yoga*, halafu amesimama tu katikati ya ng'ombe wangu. Anasema anaitwa Muzafaru, na amekuja kwa ajili yako, na amechelewa miaka mitatu. Unamjua?"

"Namjua, papa."

"Nimfukuze?"

Nyuma ya sauti ya baba yake alisikia ng'ombe akilia, na mtu akikohoa. Kikohozi kimoja, kifupi, cha mtu anayejaribu kutokohoa.

"Mpe kiti, papa," Benedetta alisema, akafungua mlango wa gari. "Nakuja."